Mimba ya Upande wa Kushoto

Toeni mkono hapo kwenye mbavu, wanangu. Najua mmefundishwa chuoni kwamba bandama linakaa chini ya mbavu za kushoto. Ni kweli linakaa hapo, kama mimi ninavyokaa mtaa wa Kamunyonge. Lakini ukinitafuta siku ya gulio hunikuti nyumbani. Bandama nalo likikua linatoka kwao. Linashuka, halafu linavuka tumbo kwa mshazari kuelekea nyonga ya kulia. Sasa wewe ukianza kubonyeza pale mbavuni, mkono wako umeshapanda juu ya bandama bila kujua. Unasikia ugumu kila mahali, ukingo huuoni, unasema huyu tumbo lake ndivyo lilivyo. Mgonjwa anarudi nyumbani na bandama lake.

Anzieni kwenye nyonga ya kulia. Mkono uwe wa moto, maana mkono wa baridi unakaza tumbo la mtu hata kama ni mzima. Mwambie avute pumzi, wewe usisukume. Subiri. Akivuta, bandama linashuka lenyewe kuja kukugonga vidole. Halijakugonga, panda kidogo, subiri tena. Mganga wetu, daktari Masatu, alikuwaga anasema, "Mgeni anasubiriwa njiani. Hafuatwi kitandani kwake."

Mimi nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na nane. Watu wananicheka kwamba mstaafu gani huyu bado anabeba ndoo. Goti ndilo lilistaafu, mimi nikalifuata. Mimi ni mzaliwa wa Butiama, lakini nilikuwa mhudumu wa afya kwenye zahanati ya huko Murangi, kando ya ziwa. Nilianza kwa kudeki, nikaja kwenye kupima uzito, nikaja kwenye kumshikia daktari taa. Sekondari nilisoma masomo ya jioni hapa Musoma mjini, mtoto wa pili akiwa mgongoni. Mwalimu wa baiolojia alichora mwili wa mtu ubaoni, bandama akaliweka dogo kama ukucha, akasema, "Hili tuliache, halitokagi kwenye mtihani."

Kwenye mtihani halikutoka. Lilikuwa linatoka Murangi kila wiki.

Huku kwetu ziwani kuna malaria na kuna kichocho, na vyote viwili vinapenda bandama. Malaria ikimpiga mtu mara kwa mara, bandama linafanya kazi mpaka linavimba. Kichocho kile cha tumbo kinakaa kwenye ini, kinaziba njia ya damu, na damu inarudi nyuma kujaa kwenye bandama, kama magari yakikosa kivuko. Kwa wenyeji tulizoea. Wakimbizi ndio walitufundisha ukubwa. Walikuwa wanafika wachache, wa kutoka Kongo, wenye kibali cha kutoka kambini kuja kwa ndugu zao walioolewa huku. Mtu ameugua malaria njiani, amemeza dozi nusu, usiku ikabidi waondoke, nusu ya pili imebaki kwenye nyumba ambayo haipo tena. Ameugua tena, dozi nusu tena. Akifika kwenu bandama liko kitovuni na yeye anakwambia kinachomsumbua ni meno.

Mkimbizi msimuulize kwa nini alikimbia. Ameshaulizwa na watu wengi kuliko nyinyi, na wote walikuwa na mhuri. Muulizeni alilala wapi, kwenye chandarua au nje. Alioga maji gani. Dawa alimaliza? Na mkimwambia avute pumzi akavuta kidogo sana, mpeni muda. Kuna mzee mmoja aliniambia alijifunza kupumua polepole akiwa kwenye majani, na mpaka leo pumzi yake bado iko kule. Tulikaa naye mpaka ikaja.

Halafu kuna chale. Mtakuta mtu ana mistari midogo ya wembe ubavuni kushoto, imepangwa vizuri kama mbegu. Huko kwao wanachanja kutibu bandama, na huku kwetu tunachanja, hakuna wa kumcheka mwenzake. Msimuulize "nani alikufanyia ujinga huu?" Ni mama yake. Muulizeni, "Walikuchanja ukiwa na umri gani?" Hapo hapo mmeshajua bandama lilianza lini, na hamkutumia mashine yoyote.

Sasa niwape habari ya Mama Riziki, maana ndiyo iliyonifanya niongee.

Mama Riziki alikuja Murangi kwa dada yake, Debora, aliyeolewa na Mzee Mafuru, mfanyabiashara wa dagaa. Mama Riziki alikuwa mjane. Mumewe walimzika huko huko walikotoka, na watoto wake walikuwa kambini na bibi yao. Alikuja mwembamba, mpole, anafua nguo za nyumba nzima bila kuambiwa. Baada ya muda tumbo likaanza kutokeza. Mikono inazidi kuwa myembamba, uso mweupe kama umepakwa unga, tumbo linakuja mbele.

Sisi ni Wakristo. Hatukusema kitu. Tulihesabu tu miezi.

Kwenye jumuiya yetu ndogo ya kanisa mwenyekiti alikuwa Mama Anastazia, mwanamke mwenye huruma ambayo ukishaipata huwezi kuikimbia. Alipanga zamu za uji. Mimi pia nilipeleka uji, na ulikuwa uji mzuri. Yeye mwenyewe alimpelekea udongo wa kula, ule wanaokula wajawazito, kifurushi kizima. Mama Riziki alipokea kwa mikono miwili akashukuru. Nasikia akamuuliza Debora, "Dada, huku kwenu munalishaga bageni udongo?"

Debora alikuwa ameacha kumjibu siku nyingi. Kwa sababu kwenye nyumba ile mwanaume alikuwa mmoja, Mzee Mafuru, na kila mtu Murangi alikuwa ameshamaliza hesabu hiyo. Mzee Mafuru alikuwa akipita sokoni watu wanamsalimia kwa adabu ya ajabu. Alikasirika, akamwambia mkewe, "Shemeji mtoto wake hazaliwi ndani ya uzio wangu. Kwetu mtoto asiye na jina la baba hazaliwi kwenye boma la watu. Akijifungua hapa mimi nitakuwa nimekubali." Akasema mwisho wa mwezi anarudishwa kambini, kwa basi. Wale mnaoijua safari ya kutoka huku mpaka kambini kwa basi, pigeni picha wenyewe.

Kwa hiyo mama huyu alikuwa anapoteza dada, nyumba, na jina lake, kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Na kulikuwa na jambo la nne, ambalo bado hakuna aliyelijua.

Siku moja ya Alhamisi, baada ya jumuiya, tumekaa tunachambua mchicha, Bibi Nyamtondo akaanza kujisifu. Huyu alikuwa mkunga wa jadi, mkono wake umekanda matumbo ya nusu ya kata. Mama akibeba mtoto aliyekaa vibaya, Bibi anampaka samli, anamkanda, mtoto anageuka. Wengine waligeuka kweli. Bibi akasema, "Kesho asubuhi Debora kaniita. Yule wa Kongo mtoto wake kalala vibaya sijawahi kuona. Kaenda kushoto mzima, kashika mbavu. Jana nilimgusa kidogo. Kichwa chake kina ufa pembeni. Kesho ninamteremsha, atake asitake."

Mama Anastazia akasema, "Ufa? Maskini."

Mimi mchicha ukanidondoka. Daktari Masatu alishanishikisha ukingo wa bandama kubwa mara nyingi, akaniambia, "Sikia hapa, pana kipengo." Bandama lina kipengo pembeni, figo halina, mtoto hana. Na mimba, wanangu, inatoka chini kupanda juu. Haijawahi kuning'inia kwenye mbavu kama popo.

Ungesema nini, mbele ya wanawake kumi na mbili na Bibi mwenyewe? Nilienda moja kwa moja kwa daktari Masatu.

Daktari alikuwa anakula. Akaacha kula. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana nyinyi mnaweza kudhani kukandwa ni kukandwa tu. Lile jambo la nne lilikuwa uhai wake: bandama lililokua linakuwa kama nyanya iliyoiva sana. Daktari Masatu kazi alianzia Bunda, kwenye watu wa pamba. Kule aliwahi kupokea kijana aliyekuwa analima kwa plau, ng'ombe wakashtuka, mpini ukamrukia ubavuni. Pigo la kawaida tu, hata ngozi haikuchubuka. Kijana akakaa chini kwenye mtaro, akaomba maji, akasema anaona giza. Bandama lake lilikuwa kubwa, halikujulikana. Lilipasuka, akavuja damu yote ndani kwa ndani, nje hakuna hata tone. Daktari hakupendaga kuihadithia habari hiyo. Aliihadithia kila alipopata mhudumu mpya.

Nikamwambia, "Daktari, twende sasa hivi ukamzuie Bibi."

Akasema, "Mimi mwanaume nikiingia kwenye chumba cha kukandia mama, Bibi atanimwagia samli ya moto, na atakuwa na haki. Na nikimwambia kakosea, atamkanda kwa nguvu zaidi anionyeshe. Nenda wewe. Usimwambie kakosea. Mpelekee kipembe." Akanipa kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. "Mwambie asikilize kwanza. Bibi ni mtu mkweli. Akikosa kitu hawezi kusema amekipata."

Asubuhi niliwahi, nikasali njiani, sala fupi kwa sababu ya goti. Nikakuta Mama Riziki kalazwa kwenye mkeka, kanga imefunguliwa, tumbo hilo. Bibi anapasha samli kwenye bati, anajifunga kilemba vizuri kama mtu anayeenda kulima. Debora kasimama mlangoni, mgongo kaupeleka kwa mdogo wake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kujifunza au umekuja kunichungulia?"

"Nimekuja kushika taa."

"Jua limetoka, taa ya nini? Nyinyi watu wa Butiama mnajua kukanda ng'ombe tu." Akachota samli.

Nikasema, "Bibi, kabla hujamgeuza, daktari kaomba tusikilize moyo wa mtoto. Kama moyo umechoka, akandwe taratibu. Nimekuja na kipembe. Lakini masikio yangu si kama yako."

Hiyo ya masikio ilikuwa sala yangu ya pili. Bibi akaangalia samli, akaangalia kipembe. Akaifuta mikono.

Akainama, akakiweka chini ya kitovu. Akasikiliza. Akahamisha kushoto. Akasikiliza mpaka samli ikaanza kuganda. Akahamisha juu. Nje jogoo akawika, Bibi akamwambia nyamaza, na kwa kweli alinyamaza.

"Kalala," Bibi akasema.

"Mtoto akilala, Bibi, moyo nao unalala?"

Akarudisha sikio. Nikaona uso wake unabadilika polepole. Akasema kwa sauti ndogo, "Humu nasikia njaa tu."

Hapo Mama Riziki akafungua macho. Akasema, "Bibi, miye nilizala batoto tano. Mimba inachezaga. Hii haijacheza hata siku moya. Hapa hamuna mutoto."

Debora akageuka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia mdogo wake usoni kwa muda mrefu. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Hamukuuliza. Mulileta udongo."

Bibi ndiye aliinuka kwanza, akaifunika samli. "Basi kama si mtoto," akasema, "nataka nijue ni nani kakaa hapa."

Tulitembea kwa miguu mpaka zahanati, taratibu. Bodaboda nilikataa, maana barabara yetu ile ya kutoka kwa Mafuru ingemaliza kazi aliyoiacha Bibi. Bibi alikuja na sisi, kamshika Mama Riziki mkono wa kushoto, anafukuza mbuzi wasimkaribie.

Daktari Masatu akanawa maji ya moto, akaanza kwenye nyonga ya kulia. "Vuta pumzi, mama." Ukingo ulikuwa chini ya kitovu, umevuka upande. Akatupisha. Akamwambia Bibi, "Mama yangu, weka mkono. Akivuta pumzi, utasikia kinashuka. Mtoto hafuati pumzi ya mama yake." Bibi akaweka. Akavuta pumzi pamoja na mgonjwa, na mimi nikavuta, na Debora.

"Ufa wangu huu hapa," akasema Bibi.

"Huo ndio unaotuambia jina lake," akasema daktari. "Hili ni bandama. Na wewe ndiye uliyeligusa wa kwanza."

Kipimo cha mimba: hakuna. Kipimo cha malaria: ipo. Damu: kidogo sana, ndiyo maana ule weupe. Chale kushoto: zipo, za utotoni. Choo kikaonyesha mayai ya kichocho. Daktari hakutosheka, na nyinyi msitoshekage, kwa sababu bandama linaweza kuvimbishwa na vitu vingi, hata magonjwa ya damu yenyewe. Gari la parokia likampeleka mjini hospitali, wakampiga utrasaundi, wakapima na hayo mengine, wakathibitisha. Siku hizi mnaliona bandama kwenye kioo kama televisheni. Ni vizuri sana. Lakini kioo kiko Musoma, mkono uko na wewe.

Matibabu hayakuwa na kisu. Watu wengi wanadhani bandama kubwa dawa yake ni kulitoa. Ukilitoa, unamtolea mtu askari wake, halafu unamrudisha kwenye mbu walewale. Alipewa dozi kamili ya malaria, na mimi nilikaa mbele yake akimeza mpaka ya mwisho. Hiyo ya kukaa mbele ndiyo dawa ya mkimbizi, maana yeye maisha yake yote dozi ilikuwa inakatwa na safari. Halafu dawa ya kuzuia malaria kwa miezi mingi. Dawa ya kichocho tulimpimia kwa ile fimbo ya urefu inayotumika shuleni, akacheka, akauliza kama anapimiwa suti. Inamezwa akiwa ameshiba, vinginevyo anaitapika yote kwenye viatu vyako. Vidonge vya damu. Chandarua. Na marufuku: ndoo kichwani, kutwanga, bodaboda, na kukandwa na mtu yeyote.

Bandama linarudi polepole. Kila mwezi daktari alipima kwa vidole kutoka mbavuni. Bibi Nyamtondo hakukosa hata mwezi mmoja, anaingia na kanga ya kutokea, anapasha mikono, anaanzia kwenye nyonga. Lilipofika mahali ambapo akivuta pumzi ndiyo linachungulia tu, Bibi akasema, "Nimetoa watoto wengi. Huyu ndiye wa kwanza kumrudisha."

Lakini nimeruka. Turudi kwenye wiki ile ya kwanza, tumbo bado liko vilevile.

Mzee Mafuru alisikia habari kwa mkewe. Akaja zahanati amevaa koti. Akamwambia daktari, "Jumapili baada ya matangazo, wewe simama utangaze kanisani kwamba lile ni bandama."

Daktari akasema, "Siwezi, Mzee. Ugonjwa ni wa mgonjwa. Sitangazi."

"Mimi natembea sokoni kama mwizi!"

"Pole sana."

"Basi hata kwa kifupi. Sema tu, si Mafuru."

"Hiyo nayo si ugonjwa, siwezi kuitangaza."

Akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nafunga bandeji, nikaendelea kufunga. Ulimi wangu ulikuwa unawasha, sikatai. Neno moja tu kwa Mama Anastazia na Murangi yote ingejua kabla ya jua kuzama. Lakini wanangu, hapo ndipo kazi ilipo. Watu walimchafua bila ruhusa yake, na sisi hatukuwa na ruhusa ya kumsafisha. Mzee Mafuru akasema basi, basi la mwisho wa mwezi liko palepale. Akaondoka na koti lake.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Debora, ilikuwa zamu yake. Watu walijaa kuliko Krismasi. Mzee Mafuru mwenyewe, ambaye jumuiya anaionaga kwa mbali, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Tukasali, tukasoma. Tukafika kwenye maombi, ambapo kila mtu anasema lake na sisi tunaitikia. Mama Anastazia akaombea mvua. Tukaitikia. Mtu akaombea wasafiri, akamwangalia Mama Riziki. Tukaitikia.

Mama Riziki akasimama. Alisimama kwa kushika ukuta, damu bado ilikuwa ndogo. Akaweka mkono kushoto, pale kwenye mbavu.

"Bwana," akasema, "miye naombea bandama yangu. Imekuwa mukubwa sana. Daktari alishaiona, Bibi alishaishika. Uirudishe fasi yake. Na hawa bamama, ubabariki kwa uji. Udongo uko bado, minaweza kubarudishia."

Kwenye jumuiya kuna kuitikia, na hakuna aliyekuwa amejiandaa kuitikia bandama. Mzee Mafuru aliangalia dari ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyeshushiwa gunia.

Aliyeanza alikuwa Debora. Alianza peke yake, kwa sauti iliyofika kwa majirani, na akamshika mdogo wake kiuno, upande wa kulia, kama nilivyomfundisha.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."